Usiipige rangi Peugeot 404 unayotaka kuiuza: mwache mnunuzi akione chuma

Ndugu yangu, kabla hujaendelea kusoma, msimamishe kwanza fundi wako wa rangi. Umeeleza kwamba una Peugeot 404 ya marehemu baba yako, kwamba injini imeshushwa, milango na madgadi vimetolewa, bodi imekwanguliwa hadi chuma na nusu ya sakafu imechomelewa upya, na kwamba fedha za kuimalizia zimekwisha, hivyo umeamua kuiuza ilivyo. Ukauliza bei, ukauliza mahali pa kuitangaza, ukauliza utaratibu wa kumuuzia mtu wa Nairobi. Kisha mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kwamba dalali amekushauri uipige rangi kwanza ili ivutie macho, na kwamba fundi anaanza Jumatatu. Hilo ulilolitaja mwishoni ndilo litakalokula fedha zako zote.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu dalali aliniambia maneno hayohayo. Nilikuwa na 404 ya mwaka 1967 hapa Tanga, ikiwa katika hali inayokaribiana sana na yako. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mzee kutoka Moshi, mtu mtaratibu, ambaye alitandika gunia chini, akalala chali, akamulika kwa tochi kila mahali palipochomelewa, akahesabu masanduku ya vipuri, kisha akasimama, akajipangusa vumbi na kunipa ofa ya shilingi milioni 6. Nilipoanza kusitasita aliniambia, "Mwanangu, chuma hiki nimekiona. Najua ninachonunua." Hapo ndipo dalali aliponivuta pembeni na kunieleza kwamba milioni 6 ni bei ya mkweche, na kwamba rangi ikishakauka gari hilo litauzwa milioni 12 bila mjadala. Nikamwomba mzee asubiri. Mzee aliondoka bila kinyongo, akaenda kununua nyingine kwa mtu mwingine.

Dalali huyohuyo ndiye aliyemleta fundi. Kazi ilifanyika wakati wa masika, chini ya kibanda cha makuti kisicho na ukuta, kwa gharama ya shilingi milioni 2.9. Ule mkanda wa chuma ulio chini ya milango, ambao katika gari la aina hii ndio unaobeba uzito kwa kuwa 404 haina chesi iliyotengana na bodi, ulikuwa na matundu mawili ambayo mzee wa Moshi aliyaona na kuyaingiza katika hesabu yake. Fundi hakuyachomelea. Aliyaziba kwa pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ambao hukauka na kuwa mgumu, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama uso wa yai, akanyunyiza praima ya kawaida, yaani rangi ya msingi, kisha rangi ya bluu inayong'aa. Kwa wiki chache gari lilipendeza kwelikweli, na dalali alilipiga picha nyingi.

Mnunuzi aliyefuata, kijana wa Arusha, alikuja na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliiweka juu ya paa ikashika, akaiweka kwenye boneti ikashika, akainama na kuiweka chini ya mlango wa dereva, ikaanguka, kwa kuwa sumaku haishiki pati. Aliiokota, akaisogeza kiganja kimoja mbele, ikaanguka tena. Kisha akachukua bisibisi, akagonga kwa mpini wake kutoka mbele kwenda nyuma, na sote tuliokuwapo tukasikia mlio mkali wa bati ukigeuka kuwa mlio butu. Akaniuliza, "Kaka, una picha za hapa kabla ya rangi?" Sikuwa nazo. Tangu hapo hakuamini tena neno langu lolote, hata yale niliyomweleza kuhusu sakafu ambayo kwa hakika ilikuwa imechomelewa vizuri, kwa sababu nayo ilikuwa imefunikwa. Aliondoka, na waliomfuata walifanya vilevile. Mwishowe, vipele vya kutu vilipoanza kuinua rangi juu ya matairi ya nyuma, niliiuza kwa milioni 3.5. Ukitoa gharama ya rangi, nilibaki na laki 6 kwa gari lililokuwa limeshapewa ofa ya milioni 6, na kabla sijazitia mfukoni dalali akadai chake.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba dalali alikuwa amelipwa pia na fundi kwa kumletea kazi. Alilipwa gari lilipopakwa rangi na akalipwa tena lilipouzwa kwa hasara, na katika safari yote hiyo hakuna hatua hata moja ambayo yeye angepoteza kitu. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kumshauri mwenye mali, na inaniudhi kuona wanaendelea kuwarubuni watu kwa sentensi ileile ya "rangi huongeza bei mara mbili". Sentensi hiyo ina ukweli kwa gari linalotembea, ambalo mnunuzi wake anataka chombo cha kumpeleka kazini. Haina ukweli hata chembe kwa gari lililofumuliwa.

Anayetafuta 404 iliyofumuliwa anajua anachokitafuta. Huenda ni mtu aliyekua akisikia habari za Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell ndani ya 404, au za Nick Nowicki aliyeshinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1963 na 1968. Mtu huyo ataikarabati mwenyewe, kwa fundi wake na kwa rangi aliyoichagua yeye. Rangi yako ataikwangua, na gharama ya kuikwangua ataikata katika bei yako. Chuma kilichofichwa hukipigia hesabu kana kwamba kimeoza chote, wala hakosei, kwa kuwa wauzaji wengi hufunika kile kilichooza. Tundu analoliona lina bei yake, kwa sababu anajua ni bati kiasi gani na ni saa ngapi za kuchomelea. Tundu analolihisi tu halina bei, na hilo ndilo linalomfukuza.

Zaidi ya hapo, hata kama fundi wako ni mwaminifu, utaratibu wenyewe umepinduka. Bodi hupakwa rangi baada ya milango, boneti na madgadi kupachikwa kwa majaribio na nafasi kati yake kulinganishwa, kisha vinatolewa na kupakwa. Ukipaka sasa, atakayeirudisha injini na kuvipachika vitu hivyo atakwaruza na kubandua kila kona. Na praima ya kawaida hunyonya unyevu, pati nayo hunyonya, kwa hiyo katika hewa ya pwani kutu huendelea kufanya kazi chini ya mng'ao ule bila kuonekana.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni hii moja: ukishaamua kuuza, uza chuma, na usitie tena fedha juu yake. Pangusa bodi kwa kitambaa chenye oili kidogo ili isishike kutu wakati unasubiri. Mnunuzi ataisafisha kwa thina siku atakayotaka kupaka. Piga picha za kila mahali palipochomelewa na kila tundu lililobaki, ukiweka rula kando yake ili ukubwa uonekane. Ukiwa na picha za bodi kabla haijakwanguliwa, hizo ni mali kuliko rangi yoyote.

Nguvu zilizobaki zipeleke kwenye masanduku ya vipuri, kwa sababu ndiko thamani iliko. Injini ya 404 ya sentimita za ujazo 1618, ile inayolala kwa nyuzi 45, ina slivu zinazochomoka, yaani mirija ya chuma ambayo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, na kila slivu ina pistoni yake; zifunge pamoja na uandike namba ya silinda, maana zikichanganywa mnunuzi atazihesabu kama hazipo. Ikiwa silindahedi imetolewa lakini slivu bado zimo ndani ya bloku, usimruhusu mtu yeyote kuizungusha injini ili "kuonyesha kwamba haijakwama", kwa sababu slivu zinaweza kuinuka na kuharibu sili zake za chini. Difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, nayo ni ya mnyoo wa chuma, mfano wa skrubu nene, unaozungusha gia ya shaba nyeusi. Huwezi kuipata kwa kufungua lori la Kijapani, kwa hiyo isitenganishwe na gari hata akija mtu na fedha taslimu kwa ajili ya hiyo peke yake. Vilevile mapambo ya pembeni, vioo vya taa, vishikio vya milango: kila kimoja katika mfuko wenye jina lake.

Kuhusu hati, kwa kuwa kadi bado ina jina la marehemu, anayeweza kuuza kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Lianze hilo mapema.

Sasa mpigie fundi, mwambie kopo la pati lisifunguliwe. Kama ameshapokea malipo ya awali na hataki kuyarudisha, mwachie. Ni kidogo kuliko utakachopoteza akianza kazi. Kisha jioni ya leo, mwanga ukiwa bado upo, piga picha za chini ya milango pande zote mbili uziweke hapa, tuone hicho chuma kikoje.