Jibu: Modeli ya mionzi na DNA, nizime maji?

Mkuu, hayo maji usiyaguse!

Umeuliza ununue laptop ipi ya kuendeshea Geant4-DNA, ile programu ya kuiga mionzi inavyoharibu DNA, chembe za alfa zikoje, na kama ni sawa kuzima hatua ya kemia, yaani yale yanayotokea kwenye maji, uhesabu tu elektroni zinazoigonga DNA yenyewe, maana kuna "mtaalamu" kakwambia inaharakisha. Huyo ndiye aliyenipoteza mimi hapa Tanga, au basi ni pacha wake.

Kwa eksirei, kama theluthi mbili ya madhara hupitia kwenye maji. Mionzi inapasua molekuli za maji, zinazaliwa radikali za haidroksili, na hizo ndizo zinazoenda kukata uzi wa DNA. Ndani ya seli hazifiki mbali, nanomita chache tu, lakini DNA yenyewe ina unene wa nanomita 2!

Nilipozima kemia, mashine ikawa nyepesi, nikachekelea. Mikatiko ya nyuzi zote mbili ikatoka kiduchu, wakati maabara kwa dozi ya grei 1 ya eksirei wanapata kama 20 hadi 40 kwa kila seli. Nikamrudia mtaalamu. "Shusha kizingiti cha nishati." Hicho ndicho kiwango cha nishati ambacho kikifikiwa kwenye DNA, modeli inahesabu uzi umekatika. Wengi hutumia elektronivolti 17.5, mimi nikakesha Ngamiani nakishusha kidogo kidogo, umeme ukikatika naanza upya, hadi namba ikakubali. Grafu nikaiprinti kwa rangi, tena kwa hela yangu.

Siku ya kutetea tasnifu, mzee mmoja wa jopo akauliza: "Maabara wakitia DMSO, kemikali inayonasa radikali za haidroksili, mikatiko inapungua. Kwenye modeli yako itapunguza nini?" Kimya. Akaongeza, "Hii ni seli au ng'onda?" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote, ningefanyaje? Kazi ikarudiwa yote, na ada juu. Mtaalamu simu haipatikani.

Kwa hiyo kemia iache iende japo nanosekunde chache, na kizingiti usikichezee ili kuifurahisha namba. Mashine ikizidiwa punguza eneo unaloiga, punguza idadi ya elektroni unazorusha, ila MAJI YABAKI.

Alfa, zile chembe nzito za mionzi, hurundika mikatiko mahali pamoja, kwa hiyo kugonga moja kwa moja kuna uzito zaidi huko. Najua mtaalamu atakwambia basi huko maji hayana kazi. Mwambie aje ayaandike humu, tumsubiri.