Jibu: Kuibadilisha portali ya Liferay bila kugusa msimbo wa kiini chake

Ndugu, umeeleza kwamba umekabidhiwa portali ya wanachama wa SACCO inayoendeshwa kwa Liferay 7.4, programu ya Java ya kujengea portali, yaani tovuti ambazo watumiaji huingia kwa akaunti zao, na kwamba viongozi wanataka mambo matatu: mwanachama aingie kwa namba ya simu badala ya barua pepe, wasifu wake uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIN, na kurasa zisomeke kwa Kiswahili. Umeuliza kama ni sahihi kupakua msimbo chanzo, kubadilisha klasi za Java na kurasa za JSP (violezo vinavyochora kurasa za tovuti) zinazohusika, kisha kurudisha matokeo kwenye seva. Nakushauri usifanye hivyo hata kwa jambo dogo, kwa sababu yote matatu yanawezekana huku kila faili iliyotoka kwa mtengenezaji ikibaki kama ilivyotoka.

Nasema hivi kutokana na kazi niliyoikuta katika taasisi moja hapa Kampala. Waliotutangulia walikuwa wamehariri kurasa za JSP moja kwa moja ndani ya folda ya ROOT ya Tomcat, seva inayoiendesha Liferay, na baadhi ya klasi ndani ya portal-impl.jar, kifurushi cha msimbo wa kiini, walikuwa wameziondoa na kuweka zao. Portali ilifanya kazi vizuri, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Kisha, Machi 2020, likatangazwa tundu la usalama lililopewa namba CVE-2020-7961, ambalo lilimwezesha mtu aliye mbali kuendesha amri zake kwenye seva kupitia huduma za JSON za Liferay, na lilihusu matoleo yote yaliyotangulia 7.2.1 CE GA2. Dawa ilikuwa kupandisha toleo. Kwa mwenye portali isiyochezewa, hiyo ni kazi inayopangika. Kwetu sisi, kupandisha toleo kulimaanisha kufuta mabadiliko yote yaliyofanywa ndani ya kiini, na hapakuwa na maandishi yoyote yanayoonyesha ni mabadiliko gani, ya nani, wala kwa sababu gani. Ilibidi tufunge njia ya /api/jsonws, ambayo ndiyo mlango wa huduma hizo za JSON, kwenye seva ya mbele huku tukichimbua.

Nieleze uchimbuaji huo, kwa kuwa na wewe umerithi kazi ya mtu mwingine na huenda ukauhitaji kabla ya kuongeza chochote. Pakua kifurushi safi cha toleo lile lile hasa unaloendesha, pamoja na namba yake ya GA (namba ya toleo lililotolewa rasmi kwa umma), ukifungue kando ya kile kilicho kwenye seva, kisha endesha diff -rq kwenye folda zote mbili. Faili za jar zikionekana kutofautiana, zifungue na ulinganishe klasi moja moja kwa sha256sum, wala usitegemee tarehe za faili, kwa sababu hubadilika hata pale ambapo maudhui hayajabadilika. Orodha utakayopata ndiyo ukweli wa portali yako. Jambo lililonishangaza katika orodha yetu ni kwamba mengi yaliyofanywa kwa kubadilisha msimbo hayakuhitaji msimbo hata kidogo, maana yalikuwa mipangilio ambayo Liferay imeiacha wazi tangu zamani na ambayo hakuna aliyeitafuta.

Ndiyo maana ombi lako la kwanza, la kuingia kwa namba ya simu, linamalizwa na faili moja. Mipangilio ya asili imo katika portal.properties ndani ya portal-impl.jar, lakini hiyo usiiguse, unda portal-ext.properties katika folda kuu ya Liferay, na kila utakachoandika humo kitashinda cha asili. Weka company.security.auth.type=screenName, ili jina la mtumiaji ndilo litumike kuingilia, na uweke users.screen.name.allow.numeric=true ili jina hilo liruhusiwe kuwa tarakimu tupu. Kwa kuwa wanachama wengi wa vijijini hawana barua pepe kabisa, ongeza users.email.address.required=false. Amueni mapema namba iandikwe kwa umbo gani. Sisi tulichagua kuanza na 256 pasipo alama ya kujumlisha, kwa sababu mtu akiruhusiwa kuandika 07 leo na 256 kesho utapata akaunti mbili za mtu mmoja. Mwanachama akibadilisha laini, jina la kuingilia linabadilishwa bila kuathiri kumbukumbu zake, kwa kuwa ndani ya hifadhidata anatambuliwa kwa userId na si kwa jina hilo.

Kuna jambo hapa linalowapotezea watu muda. Mipangilio ya aina hii inapatikana pia katika paneli ya udhibiti, na thamani iliyohifadhiwa kutoka kwenye paneli huwekwa katika hifadhidata na kupewa kipaumbele juu ya faili. Kama aliyekutangulia aliwahi kuhifadhi ukurasa ule, utaandika faili yako, utaiwasha seva upya, na hutaona badiliko lolote. Kagua paneli kwanza.

Ombi la NIN ndilo linalohitaji fikra zaidi, na ndilo linalowavuta watu wengi kwenda kuongeza safu katika jedwali la User_. Tafadhali usifanye hivyo. Liferay ina sehemu za ziada ambazo msimamizi huziunda mwenyewe katika paneli, na data zake huhifadhiwa katika majedwali ya Expando, mbali na jedwali la watumiaji. Unda sehemu iitwayo nin kwa ajili ya watumiaji, nayo itaonekana katika fomu ya wasifu bila wewe kuandika mstari wowote wa msimbo. Mara tu baada ya kuiunda, nenda kwenye ruhusa zake na uhakikishe ni nani anayeweza kuiona na nani anayeweza kuihariri. NIN ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakubana wewe na SACCO yako. Haifai karani wa tawi lolote aweze kuorodhesha NIN za wanachama wote.

Kinachobaki ni uhakiki, kwa sababu sehemu ya ziada ya maandishi inapokea chochote. NIN ya Uganda ina herufi na tarakimu 14 kwa jumla, na ungependa portali ikatae kilichopungua au kuzidi. Hapa ndipo msimbo unapohitajika, lakini ni msimbo wako, katika moduli yako. Andika klasi inayorithi UserLocalServiceWrapper, uisajili kama kijenzi cha OSGi (mfumo wa moduli unaotumiwa na Liferay) cha aina ya ServiceWrapper, na ndani yake uandike upya mbinu ya updateUser peke yake. Portali inapotaka kuhifadhi mabadiliko ya mtumiaji, wito hupita kwako kwanza. Unasoma thamani ya nin kutoka katika serviceContext.getExpandoBridgeAttributes(), ukiona haikidhi umbo unatupa kosa, na ukiridhika unaita super.updateUser ukiipa vigezo vile vile ulivyopokea. Kazi yote ya kuhifadhi inabaki mikononi mwa Liferay, na moduli yako ikiondolewa portali inarudi kama ilivyokuwa. Fahamu tu kwamba uhakiki huu unawahusu wanaopitia huduma hiyo. Mtu akiingiza data kwa SQL moja kwa moja, hautamwona.

Utakutana na usumbufu mmoja, nao ni kwamba mbinu ya updateUser ina vigezo vingi sana na orodha yake hubadilika kati ya matoleo. Siku utakapopandisha toleo, huenda moduli yako ikakataa kukompailiwa. Mimi nauhesabu usumbufu huo kuwa faida kubwa, kwa sababu unajua mapema, mezani kwako, ni mstari gani wa kurekebisha, ilhali klasi iliyopachikwa ndani ya portal-impl.jar hufutwa kimyakimya, na NIN mbovu zinaanza kuingia bila mtu yeyote kuarifiwa.

Kuhusu Kiswahili, ni vizuri kwamba viongozi wako wamelisukuma jambo hili, kwa sababu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi, lakini mifumo yetu mingi ya kompyuta bado haijafuata. Ongeza sw_UG, yaani Kiswahili cha Uganda, katika orodha za locales na locales.enabled ndani ya portal-ext.properties. Orodha hizo hazijumlishi bali hubadilisha ile ya asili nzima, kwa hiyo andika humo pia Kiingereza na lugha nyingine yoyote unayoihitaji. Kisha tengeneza moduli ndogo yenye faili ya content/Language_sw_UG.properties na klasi fupi ya aina ya ResourceBundle iliyosajiliwa kwa sifa ya language.id=sw_UG. Ndani ya faili unaandika mistari kama sign-in=Ingia na password=Nenosiri. Usijaribu kutafsiri kila kitu, kwa sababu funguo ni maelfu na nyingi huonwa na msimamizi pekee. Anza na zile zinazoonekana kwenye kurasa za kuingia, kujisajili na wasifu. Katika matoleo ya karibuni ya 7.4 kuna pia sehemu ya paneli inayoruhusu kubadilisha neno moja moja papo hapo, nayo inafaa pale mwenyekiti anapotaka neno fulani libadilishwe mchana huo huo, ila kumbuka kwamba badiliko hilo linakaa katika hifadhidata na si katika hazina yako ya msimbo.

Java yenyewe haitakusumbua. Tangu toleo la 9, Java hutumia data za CLDR (hazina ya majina na miundo ya lugha za dunia) kwa chaguo-msingi, na humo Kiswahili cha Uganda kipo, kwa hiyo majina ya siku na miezi yatatoka kwa Kiswahili bila jasho. Rangi, nembo na mpangilio ni kazi ya mandhari, ambayo ni programu-jalizi ya kawaida, na sina cha kuongeza hapo.

Najua swali litakalofuata ni ukurasa wa kuingia, kwa sababu mtu akishaona sehemu imeandikwa vibaya hutaka kuibadilisha JSP yenyewe. Liferay inaruhusu hilo bila kugusa faili ya asili: unatengeneza moduli kipande ambayo katika faili yake ya maelezo, bnd.bnd, inatangaza Fragment-Host: com.liferay.login.web pamoja na toleo lake, na ndani ya META-INF/resources unaweka login.jsp yako, ambayo itasomwa badala ya ile ya asili. Nakuomba uichukulie njia hii kuwa ya mwisho kabisa. Ili kubadilisha mstari mmoja umenakili ukurasa mzima kama ulivyokuwa siku hiyo, pamoja na makosa yaliyokuwamo. Mtengenezaji akigundua baadaye kwamba ukurasa ule uliruhusu mtu kupenyeza hati yake ya JavaScript, naye akaurekebisha, nakala yako itaendelea kufunika marekebisho hayo, na seva yako itasema iko katika toleo jipya huku tundu la zamani likiwa wazi. Ndiyo sababu upeo wa matoleo katika Fragment-Host unapaswa kuwa mwembamba iwezekanavyo: moduli mwenyeji ikipanda toleo, kipande chako kikatae kuungana, ukurasa wa asili urudi, nawe ulazimike kulinganisha upya.

Kabla ya kufika huko, jaribu vichujio vya portleti (vipande vya programu vinavyochora sehemu za ukurasa), vilivyoingia katika kiwango cha portleti za Java, JSR 286, mwaka 2008. Kichujio kilichosajiliwa kwa javax.portlet.name=com_liferay_login_web_portlet_LoginPortlet kinaweza kufanya kazi kabla na baada ya ukurasa kuchorwa, bila kunakili chochote. Kama unachotaka kubadilisha ni tendo la kuingia na si sura ya ukurasa, sajili amri yako yenye mvc.command.name=/login/login na uipe service.ranking kubwa kuliko ya asili, nayo itachaguliwa. Klasi za kiini zina njia yake pia, inayoitwa Ext, lakini kwa mahitaji uliyoyataja huna sababu yoyote ya kuikaribia.

Kama kesho utahamishiwa kwenye portali ya GateIn, ile iliyozaliwa mwaka 2009 kwa kuunganisha JBoss Portal na eXo Portal, majina yatabadilika lakini utaratibu utautambua. Huko nyongeza yako ni programu ya wavuti inayojitegemea, inayojitambulisha kwa kontena kupitia conf/configuration.xml iliyo ndani ya jar, na PortalContainerDefinitionChangePlugin ndiyo inayoiongeza katika orodha ya vitegemezi vya kontena ya asili. Kilicho nyuma zaidi katika orodha hushinda kilichotangulia, na kwa njia hiyo hiyo unabadilisha mipangilio, maneno na violezo bila kufungua portal.war.

Kipimo ninachotumia kuhakikisha kazi imefanyika sawasawa ni hiki: chukua mashine tupu, fungua kifurushi safi cha mtengenezaji, weka portal-ext.properties yako, weka faili za mipangilio katika osgi/configs na moduli zako katika osgi/modules, zote zikitoka kwenye hazina yako ya msimbo ya Git, kisha unganisha nakala ya hifadhidata na folda ya nyaraka. Portali ikiwaka na kufanana na ile inayotumika, uko salama kupandisha toleo. Kukiwa na kitu ambacho kimepungua, kuna faili mtu aliihariri kwenye seva, na diff itakuambia ni ipi.

Ukikwama kwenye updateUser, andika namba kamili ya GA unayoendesha na mstari wa kosa la kompaila, kwa sababu bila namba hiyo hakuna atakayeweza kukuambia orodha sahihi ya vigezo.