Mwandishi, Mganga na Jabali: majibu yenu kuhusu bendi ya Herbie Hancock

Toleo lililopita niliigusia bendi ya Mwandishi kwa sentensi moja, nikaendelea na habari zangu. Barua zilizofuata zimenirudisha hapohapo. Waliouliza mambo yanayofanana nimewaunganisha, na matusi ya yule bwana wa Morogoro nimeyaacha kwenye bahasha yake.

Mzee wa Besi, salaam aleikum. Hapa Mombasa kuna duka la vitu vikuukuu, nimekuta santuri imeandikwa "Mwandishi". Wapigaji ni Mchezaji, Jabali, Mganga, hata Pepo yumo. Mwenye duka ashikilia ni bendi ya pwani ya zamani, na bei yake si mchezo. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Si kweli, lakini kama haijachubuka, inunue hivyohivyo. Hiyo ni bendi ya Kimarekani. Kiongozi wake ni Herbie Hancock, mpiga piano mzaliwa wa Chicago, aliyetoka mikononi mwa mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis mwaka 1968.

Majina hayo yana asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 60 Wamarekani weusi wengi walikishika Kiswahili kama lugha ya kujitambulisha na Afrika. Miongoni mwao alikuwamo Maulana Karenga, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Mfuasi wake mmoja alikuwa kijana mpiga tumba aliyejiita Mtume (najua, najua, hapa kwetu hata asingefika jukwaani na jina hilo). Desemba 1969 Mtume, baba yake mdogo Albert Heath na Herbie walirekodi pamoja albamu iitwayo *Kawaida*, na ni huyo Mtume aliyewapa wenzake majina. Herbie akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, na Bennie Maupin, anayepuliza klarineti ya besi, saksafoni na filimbi, akawa Mwile. Eddie Henderson wa tarumbeta alikuwa daktari wa hospitali mwenye shahada, kwa hiyo Mganga lilimkaa barabara. Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto. Pwani angetafutiwa mganga haraka. Bahati nzuri mganga yumo bendini humohumo. Hata aliyeshughulikia mitambo, Billy Bonner, walimwita Fundi.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa muziki Bagamoyo, kikundi chetu kinafanya mazoezi ya "Chameleon" ya Herbie Hancock. Mwalimu wetu mmoja anasema Herbie alikuwa na bendi ya maana kweli, akaitupa ili apige muziki mwepesi wa kuuza. Mimi napiga besi na kibao hiki nakipenda. Nimjibu nini? – Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Hela zilikuwamo kwenye hesabu, tusidanganyane. Lakini tulianze jambo mwanzo wake.

Mwaka 1969 Herbie alihamia kampuni ya santuri ya Warner Bros. na kutoa *Fat Albert Rotunda*, muziki uliotokana na kipindi cha televisheni cha Bill Cosby. Ni soul tupu, wa kutikisa kichwa. Alikuwa na bendi ya watu sita, na kufikia mwishoni mwa 1970 karibu wote wamebadilika, amebaki yeye na Buster Williams. Hawa wapya wakapata kazi ya kupiga kwa wiki kadhaa mfululizo kwenye klabu ya London House, Chicago. Kwa sisi tuliopiga muziki hotelini, tunajua kazi ya namna hiyo inavyomfanya mtu: jumatatu ukumbi mtupu, hakuna wa kumfurahisha, mnaanza kusikilizana. Wao walisikilizana mpaka nyimbo zikaanza kuyeyuka. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1970, wakaingia studio ya Wally Heider, San Francisco, wakarekodi hiyo santuri ya ndugu yetu wa Mombasa.

Kibao cha kwanza ni "Ostinato", ametunukiwa Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu. Besi inarudia mstari uleule tangu mwanzo. Sasa chukua kalamu ugonge mezani: hesabu moja hadi nane, kisha moja hadi saba, halafu rudi kwenye moja bila kuvuta pumzi. Ndiyo kumi na tano. Mguu unataka kukanyaga ile ya kumi na sita, haipo, na mzunguko umeshaanza upya. Juu yake Herbie anapiga piano ya umeme ya Fender Rhodes iliyopitishwa kwenye mtambo wa mwangwi, na Maupin anaunguruma na klarineti yake chini kabisa. Mpiga besi wa kawaida angechoka akaanza kupamba. Mstari wa "Ostinato" haupambwi, na wimbo wote umeuegemea.

Mwaka 1972 ikaja *Crossings*. Hapa mtayarishaji wao, David Rubinson, alimleta Patrick Gleeson, bwana mwenye studio ya Different Fur na sinthesaiza kubwa ya Moog, yaani mtambo unaotengeneza sauti kwa umeme. Herbie alitaka aonyeshwe tu jinsi ya kuitega ili aipige mwenyewe. Gleeson akaitega, akaanza kuonyesha, na Herbie akasema irekodiwe hivyohivyo. Akaishia kuwa mwanabendi. Moog ile ilikuwa kama kabati la nguo, haisafiri, kwa hiyo njiani Gleeson alibeba sinthesaiza ndogo zaidi, ARP 2600. Mwaka uliofuata, wakiwa kampuni ya Columbia, wakatoa *Sextant*. Humo kuna "Hidden Shadows" yenye hesabu kumi na tisa kwa mzunguko mmoja. Sikiliza besi tena: bado inarudia.

Sasa hela. Wapigaji sita, Gleeson wa saba, Fundi, mitambo inayojaza gari, na kibao cha "Sleeping Giant" kinachokwenda zaidi ya dakika 24. Redio gani itapiga? Herbie alikuwa akiziba pengo kwa mrabaha wa nyimbo zake za zamani. Aliyewahi kuongoza bendi anajua ile saa ya usiku wa manane, kila mtu anasimama mlangoni anangoja nauli. Mwaka 1973 akaivunja.

Lakini mwalimu wako anaruka jambo moja. Herbie mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amekaa mno huko angani na sasa alitaka kukanyaga ardhi. Alikuwa akimsikiliza sana Sly Stone, mwanamuziki wa funk, na ukitazama orodha ya *Head Hunters*, albamu ya mwaka huohuo yenye "Chameleon" yenu, utakuta kibao kiitwacho "Sly". Kwa hiyo akamchukua Maupin peke yake kutoka bendi ya zamani, akaongeza Paul Jackson wa besi, Harvey Mason wa dramu na Bill Summers wa tumba na vikorokoro vyote vya kugonga. Mpiga gitaa hakumtaka. Sehemu ya rithimu aliipiga mwenyewe kwenye clavinet, kinanda cha umeme.

Na ule mstari wa besi unaofungua "Chameleon", mwanangu, si gitaa la besi. Ni Herbie, kwa mkono wake, kwenye sinthesaiza ya ARP Odyssey. Paul Jackson akiingia anapiga juu, nyuzi nyembamba, kazi ambayo kwenye dansi letu ingekuwa ya rithimu. Kodi (chords) za sehemu hiyo ni mbili tu. Mdundo ni nne kwa nne, mtoto anaucheza. Lakini ule ni mstari unaorudia, na sehemu kubwa ya kibao inajengwa juu yake, vilevile kama "Ostinato". Kutoka kumi na tisa amerudi nne, nyumba ni ileile. Na uende mpaka katikati ya kibao, pale mdundo unapobadilika na Rhodes inaposhika solo: hapo ndipo watu wa Mwandishi wanapochungulia dirishani.

Kilichopotea mimi nakijua, nami nakililia. Ni tarumbeta na tromboni. Henderson na Priester walikuwa wakipuliza sauti ndefu zinazotanda nyuma ya piano, na kwenye *Head Hunters* mpulizaji ni Maupin peke yake. Pia kwenye Mwandishi hukuweza kujua nani ataushika wimbo dakika inayofuata. Kwenye "Chameleon" unajua. Mwalimu akikwambia hivyo, mkubalie. Akikwambia muziki ni mwepesi, mwombe apige ule mstari dakika kumi na tano bila kuongeza kasi.

(Mwaka huohuo wa 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Hayahusiani. Nayataja kwa sababu bwana wa Morogoro ananisoma.)

Mzee, mwanzoni mwa "Watermelon Man" ya *Head Hunters* kuna filimbi ya ajabu, kama mtu anapuliza na kuimba kwa zamu. Ni ala gani? – Msomaji, Dodoma

Ni chupa ya bia. Bill Summers anaipuliza, anatoa sauti yake, anaipuliza tena. Alikuwa akiiga upulizaji uitwao hindewhu wa Mbilikimo wa Ba-Benzélé, Afrika ya Kati, ambao muziki wao ulishatolewa kwenye santuri miaka ya 60. Wimbo wenyewe Herbie aliutunga zamani na kuurekodi mara ya kwanza mwaka 1962. Huu mdundo mpya ulipangwa na Harvey Mason.

Asalaam aleykum mzee wetu. Mtoto wangu aliniletea *Sextant*, nikaiweka, baba watoto akatoka nje akasema jokofu limeharibika. Nianzie wapi? Na wale wengine walikwenda wapi baada ya bendi kuvunjika? – Mama wa Muscat

Wa aleykum salaam, dada yangu. Jokofu ni "Rain Dance", kibao cha kwanza. Mwambie ndugu yetu ile ni sinthesaiza ya Gleeson inadondosha matone. Kiruke kwa sasa, usianzie *Sextant* kabisa. Anza na "You'll Know When You Get There" kwenye *Mwandishi*, ni tulivu, Henderson anapuliza kwa upole, hata jikoni yafaa. Kisha "Quasar" kutoka *Crossings*. Baada ya hapo "Hidden Shadows" haitakutisha. Bwana akikaidi, mpigie "Butterfly" kutoka *Thrust* ya mwaka 1974, halafu msikie atasemaje.

Wenzake hawakupotea. Henderson mwaka 1973 alitoa *Realization*, na karibu bendi nzima imo, Herbie pamoja. Mwaka 1974 Maupin alitoa *The Jewel in the Lotus* kwa kampuni ya ECM, naye Herbie yumo. Priester akawapa ECM *Love, Love*, na jalada lake lina Pepo Mtoto kwa herufi zilezile. Kati ya hizo tatu, kwa mama anayetaka usiku wa kimya, ni ya Maupin. Ila usiisikilize kwa spika ya simu, maana Buster Williams yumo na hutamsikia.