Wasichana wa Dar au wa kijijini, nani huanza ngono mapema?
Ukisikia kwamba wasichana wa Dar huwatangulia wa vijijini kuanza ngono, si kweli, ni kinyume. Tafiti za TDHS (za idadi ya watu na afya) za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zinaonyesha wa mjini, hasa waliofika sekondari, huchelewa zaidi. Vijijini wengi huolewa mapema. Hata ukiuliza nani amefanya ndani ya wiki 4 zilizopita, walio kwenye ndoa wanawaacha mbali wasio na ndoa.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu: ukichukua wa miaka 15–19 walioanza tu, umri wa kuanza unashuka kwa uongo, maana wasioanza umewatupa nje. Ndiyo maana umri wa kati (ule ambao nusu yao wameshaanza) hupimwa kwa wa miaka 25–49. Idadi ya wapenzi ambayo watu huitaja kwenye tafiti isomeni kwa tahadhari, wanaume huongeza, wanawake hupunguza, hasa mama mkwe akiwa anasikia chumba cha pili.