Andika alichosema mtoto, sio ulichotaka aseme

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja yuko mwaka wa kwanza wa masta, anasema "Dada shkamoo, nataka kufanya utafiti wa watoto wanavyojifunza Kiswahili pamoja na mambo ya jinsia, supavaiza ananiambia mada ni pana mno, nianzie wapi?" Nikaisoma mara tatu nikaweka simu pembeni, maana hayo maneno mada ni pana mno nimeshaambiwa mimi, na siku naambiwa nilitoka ofisini kwa watu nikaenda kukaa nyuma ya kantini nikalia mpaka kipindi cha mchana kikanipita. Kwa hiyo leo najibu kwa urefu, namjibu yeye ila najua mko wengi na wote tunakitaka kitu kimoja, kazi inayohusu lugha yetu ambayo mtu akiisoma anasema naam, huyu aliingia uwanjani.

Mimi kwenye masta yangu nilitaka kuonyesha kwamba wazazi wanaongea na mtoto wa kike tofauti na wa kiume na kwamba mtoto anayabeba hayo anapojifunza kuongea. Nilichofanya kwanza ni kuchukua dodoso la utafiti wa Kiingereza nikalitafsiri, nusu ya maswali ni mtoto anaanza lini kutofautisha "he" na "she". Miezi miwili nimekaa nalo! Kiswahili hakina hicho kitu, mama yangu ni "yeye", baba yangu ni "yeye", analala, anakula, anakuja, kitenzi hakikwambii kama ni mwanamke au mwanaume. Sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa naangalia lugha yangu kwa macho ya kitabu cha wengine. Ukishika somo moja kwenye makala hii shika hili, jinsia kwenye Kiswahili ipo tena ipo sana ila haijakaa kwenye viwakilishi, maneno kama "yeye", usiitafute huko.

Mambo ya barua za chuo, wilaya, kata na mtaa nayaruka, mtayaona wenyewe. Nikapata nyumba tatu Dar, watoto wa kike wawili wa kiume mmoja, wa miaka miwili kwenda mitatu, kila Jumamosi narekodi muda wa saa moja kwa simu, miezi mitano. Na hapa niseme nilijituma, mvua ilinyesha nikaenda, daladala zikagoma nikatembea. Usiku nakaa na hedifoni naandika neno kwa neno, na saa moja ya mtoto wa miaka miwili inakula siku nzima ya kuandika, wakati mwingine mbili, asije mtu akakudanganya.

Siku ya kuwasilisha nikaingia na jedwali langu zuri la makosa ya watoto, nina "mama kalala" nimeandika kosa, sahihi ni amelala, nina "nakuja" nimeandika kosa, sahihi ni ninakuja, nina "kapaka", kosa, sahihi ni kipaka. Mzee mmoja kwenye paneli akanisikiliza mpaka mwisho akavua miwani akaniuliza, "Mama, ulipofika asubuhi ulimuuliza mwenzako pale mlangoni, profesa kafika? Hilo nalo tuliweke kwenye jedwali?" Ukumbi mzima ukacheka. Miaka imepita na bado kile kicheko nakisikia, na sioni kwa nini anayetaka kusaidia kweli afanye hivyo mbele ya watu, ila swali lake lilikuwa sahihi na ninalo mpaka leo.

Maana angalia, yule mtoto alikuwa anasema vilevile mama yake anavyosema na mimi mwenyewe ninavyosema. Kafika, kalala, kaondoka, Dar nzima ndio tunaongea hivyo. Ninakuja tunaiandika, mdomoni ni nakuja. Na hiyo ka ya kapaka, katoto, kanyumba, vitabu vinasema udogo ni ki, kitoto, kijumba, lakini ka imetoka kwenye lugha zetu za bara imeingia mpaka mjini na mtoto anayezaliwa leo anaikuta ipo nyumbani. Mtoto hakuhudhuria ule mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wala Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 haikuja kumbembeleza alale. Anajifunza kwa aliyembeba. Unataka kujua kama amekosea, rekodi kwanza waliombeba wanaongeaje, na ukiona mtoto na mama wote wamehama kutoka kwenye kitabu, basi huna kosa la mtoto pale, una lugha inayobadilika na umebahatika kuikuta.

Baadaye ndio nikasoma kazi ya Kamil Ud Deen, kitabu chake kilitoka 2005, alifuatilia watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili. Alichogundua ni kwamba mtoto anaangusha vile viambishi vya mbele, cha mtenda na cha wakati, kama ni na me kwenye "nimeanguka", lakini ile irabu ya mwisho wa kitenzi, ile a, anaishika. Na kabla ya kusema mtoto ameangusha aliangalia wakubwa wa Nairobi nao wanaangusha vipi, kwa sababu kule mtu mzima naye anaweza kukiacha kiambishi cha mtenda kwenye maongezi ya kawaida. Ningekisoma kabla nisingechekwa. Someni kabla wadogo zangu.

Lakini kilichoniumiza zaidi sio kicheko. Nilirudi nyumbani nikaanza kusikiliza rekodi upya, nikakuta mtoto amesema "meanguka" na karatasi yangu inasema "nimeanguka". Nikaenda mbele, "taka maji", mimi nimeandika "nataka maji". Ni sikio langu lilikuwa linamsaidia mtoto bila kuniomba ruhusa, yani kile kitu hasa nilichokuwa nakitafuta miezi mitano nilikuwa nakifuta kwa mkono wangu mwenyewe kila usiku. Nikarudia zote. Zote. Miezi minne mingine, ada inadai, watu wa nyumbani wanauliza hiyo masta haiishi? Andika alichosema mtoto. Kama hukusikia andika hukusikia. Mpe na mtu mwingine asikilize dakika chache bila kuona ulichoandika, halafu mlinganishe, mkitofautiana rudieni.

Sasa kwenye jinsia. Jumamosi moja nimemaliza, simu nimezima kuokoa chaji, nakunywa chai na mama wa nyumba. Watoto wako kibarazani wanacheza baba na mama, binti wa jirani wa miaka kama minne akamshika mwenzie wa kiume akasema "mi namuoa huyu". Kaka yake wa miaka saba akaruka juu, "Mwanamke haoi! Wewe unaolewa!" Binti akakaa kimya kidogo, akasema taratibu, "haya, mi naolewa." Jamani nilishika kikombe nikaganda. Utafiti wangu wote ulikuwa pale, kwenye sentensi tatu, na sikuwa nimerekodi!

Kuoa ni kwa mwanaume, mwanamke anaolewa, sarufi yenyewe imemweka kwenye kauli ya kutendwa, yani anafanyiwa, hafanyi, na anayeilinda sheria hiyo ni mtoto wa darasa la kwanza. Ukitazama hivyo utaona mengine, mtalaka mara nyingi anatajwa mwanamke, mjane kila mtu anamjua ila mgane, mwanaume aliyefiwa na mke, ukimtaja watu wanakuuliza ndio nini, mamalishe ana jina lake siku nyingi na babalishe amekuja nyuma. Na hiyo kauli ya kutendwa usiseme ni ngumu kwa mtoto, wengi waliosoma watoto wa Kiingereza waliona inachelewa, lakini Katherine Demuth aliyerekodi watoto Lesotho alichapisha mwaka 1989 kwamba wale wa Kisesotho wanaitumia kabla ya miaka mitatu, kwa sababu kwao huulizi nani kapika, unauliza chakula kimepikwa na nani, kwa hiyo wanaisikia kutwa. Wetu wanasikia nini kutwa? Unaitwa nani, unaumwa wapi, utapigwa wewe. Nenda ukasikilize nyumbani kwenu jioni moja tu.

Nilimaliza, na masahihisho mengi, na kwenye tasnifu nikaandika wazi kwamba mtoto wa kiume mmoja sio watoto wa kiume, hata kama mama yake alimwambia "usilie wewe mwanaume" nikamsikia kwa masikio yangu. Sasa hivi mimi ndio naletewa mapendekezo ya watu niyasome. Naona makosa yaleyale yanarudi, dodoso limetafsiriwa, maneno ya mtoto yamesafishwa, wakubwa hawakurekodiwa. Acheni haraka ya kupata matokeo. Ombeni ridhaa ya mzazi vizuri, mueleze rekodi itakaa wapi, na mtoto akisema hataki leo, rudi Jumamosi nyingine.

Na wewe uliyeniandikia, marahaba, chagua kitu kimoja, chukua hiyo ya kuoa na kuolewa kama unaitaka, mimi sikuipata na nitafurahi uipate wewe. Beba pawabenki. Usizime simu mpaka umeaga na umefika getini. Ukishaandika dakika kumi za kwanza nitumie pamoja na sauti yenyewe, nitaanza na sauti.