Mwanafunzi Asiyeguswa na Riwaya: Anzia Kwenye Sentensi, Si Kwenye Dhamira

Mwalimu mmoja wa kidato cha tatu hapa Ilemela, Mwanza, ameniandikia akilalamika kwamba wanafunzi wake wanataja dhamira zote za riwaya, ila akiwauliza ni tukio gani limewagusa, wanainama. Mwalimu mwenzangu, hao si wagumu. Vijitabu vya mwongozo vimewazoesha kuona riwaya kama orodha ya majibu, nao wanangoja na hili uwape jibu.

Chukua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, aliyeiandika kisiwani Ukerewe kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945 na baadaye kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Wakwe wanamchukua binti yao, Bugonoka, kwa sababu ndoa haina mtoto. Mume, Myombekere, anakwenda kumwomba mkewe arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Usisomeshe sura nzima. Kurasa mbili zinatosha, zisomwe kwa sauti mara mbili: kwanza na mwalimu, kalamu zote zikiwa chini, kisha na mwanafunzi anayesoma vizuri, wenzake wakiwa na penseli mkononi. Kama nakala ni nne kwa darasa la watu sabini, andika aya za kiini kwenye karatasi ya manila siku moja kabla. Kila mmoja anakili sentensi moja iliyomsimamisha, na namba ya ukurasa. Moja tu. Ukiruhusu tatu, mbili zitakuwa za kukufurahisha wewe.

Kinachofuata ndicho tunachokiharibu wengi. Tunauliza "Umejifunza nini?" na darasa zima linaitika "uvumilivu". Uliza hivi: ni lini nawe ulisimama pale aliposimama Myombekere? Usiulize kama yaliyompata Myombekere yaliwahi kumpata mwanafunzi. Mtoto wa miaka 16 hana wakwe. Lakini aliwahi kutumwa dukani kukopa sukari huku wateja wengine wakisikiliza. Au alirudishwa nyumbani kufuata mchango wa shule wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, baba hana kitu, ikabidi aende kwa mjomba. Hapo anajua kuomba mbele ya mtu anayeweza kukukatalia.

Kufanana kwa vitu kunadanganya sana. Mwanafunzi aliyekulia Nansio, kule Ukerewe, ataikimbilia pombe: ndizi zilivyovundikwa, zilivyokamuliwa kwa nyasi, mtama ulivyochanganywa. Ukurasa mzima mtamu, na Myombekere hayumo. Wa Igoma, hapa mjini Mwanza, ambaye hajawahi kuona ndizi zikikamuliwa, anaweza kumkaribia zaidi. Huyo wa Nansio usimkate alama bado. Mwulize kwa mdomo: siku hiyo bibi akikamua, nani alikuwa anadaiwa? Mara nyingi kalamu inaondoka upya.

Wape dakika nane waandike kumbukumbu hiyo, mistari sita hadi kumi, bila kufuta. Kisha warudi kwenye ile sentensi waliyoinakili na waandike mistari mitatu: ni neno gani humo wanalisikia tofauti sasa, na kwa nini? Hatua hii ndiyo inayorukwa kengele ikikaribia, na ukiiruka umekusanya insha za maisha ya watoto, hujafundisha riwaya. Tenga vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Kimoja hakitoshi, tusidanganyane.

Katika alama 20, nagawa hivi: sentensi na ukurasa 4, kumbukumbu 6, kurudi kwenye maandishi 10. Wakijua alama nyingi ziko mwishoni, hawatashindana kukutoa machozi.

Yapo yatakayoandikwa yasiyofaa kusikika darasani: msiba, vipigo, njaa. Tangaza kabla ya kuanza kwamba hakuna atakayelazimishwa kusoma kwa sauti, na anayetaka siri akunje ukurasa. Uliokunjwa unausoma peke yako. Ukiona mtoto yuko hatarini, mwambie yeye kwanza, kisha mfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo. Kwa hiyo usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema mapema kwamba jambo la hatari halitabaki kwako.

Na anayesema hakuna kilichomgusa? Anakili sentensi iliyomchosha, ataje ukurasa, aeleze alitaka Myombekere afanye nini badala yake. Msahihishe kwa mgawanyo uleule wa alama.