Picha ya kichwa iko safi, mbona bado anaanguka?

SWALI: Habari ya kazi dada. Kakangu ana miaka 27, anauza mitumba Gikomba, na amekuwa na kifafa kwa muda sasa. Si kila wakati anaanguka, saa ingine anasimama tu hapo kwa meza ya nguo, anaanza kutafunatafuna na hana kitu mdomoni, anavutavuta shati lake, ukimwita hajibu, halafu baada ya dakika moja hivi anarudi na hajui chochote kimetokea. Tulifanya MRI, ile picha ya kichwa, ikatoka safi. EEG, ile ya kupima umeme wa ubongo, ya kwanza safi, ya pili ndio ikaonyesha kitu upande wa kushoto, karibu na sikio. Daktari akatuambia vile sehemu za ubongo wake zimeunganishwa kumebadilika, mama kusikia hivyo akalia, anafikiri nyaya zimekatika. Na siku hizi anasahau sana, majina ya wateja, bei ametaja saa hiyo hiyo, na wifi yangu anasema anajifanya. Hayo mabadiliko ni gani na yataisha? Anataka hata kuacha dawa juu anasema zinampotezea akili.
Dadake, Umoja

JIBU: Pole sana dadangu, na kwanza mwambie mama apanguse machozi, hakuna waya umekatika. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86 zinazoongea kwa umeme mdogo sana, na hakuna kazi kubwa sehemu moja inafanya peke yake, hata kukumbuka jina la mteja ni sehemu kadhaa zinashirikiana. Wewe unajua mzunguko wa barabara wa Globe hapa Nairobi ukifungana asubuhi vile Ngara inasimama, na aliye nyuma kule Pangani anachelewa kazini bila kuona chanzo. Kifafa cha kakako kiko hivyo, umeme unafyatuka pahali padogo lakini unabebwa na njia zote zilizoungana na hapo. Ndio maana tangu 2010 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, likieleza mishtuko ya kifafa inayoanzia upande mmoja wa ubongo halisemi inatoka kwa doa moja, linasema inaanzia ndani ya mtandao wa upande huo.

MRI ya kawaida inapiga picha ya umbo: kovu, uvimbe, mabuu ya tegu wa nguruwe. Umeme haiuoni. EEG ndio inasoma umeme, lakini ile ya kawaida ni nusu saa hivi, na kama hiyo nusu saa ubongo ulikuwa umetulia, karatasi inatoka safi na mtu ana kifafa chake. Inaniuma sana nikisikia mgonjwa amerudishwa nyumbani akiambiwa hana shida juu ya EEG moja.

Hiyo habari ya muunganisho watafiti wanaipata kwa MRI ya aina nyingine. Mtu analala ndani ya mashine dakika kadhaa bila kufanya kitu, kompyuta inafuatilia vile oksijeni ya damu inapanda na kushuka kila pahali kwa ubongo, na sehemu zinazopanda na kushuka pamoja zinahesabiwa kwamba zinaongea. Kwa wenye kifafa kama cha kakako, mara nyingi wameona hipokampasi, sehemu inayotusaidia kuweka kumbukumbu, mawasiliano yake na sehemu za mbali yamelegea, na saa ingine majirani wa pale pale wanaongea kupita kiasi. Lakini huo ni wastani wa kundi la wagonjwa ukilinganishwa na kundi lisilo na kifafa, bado si kipimo cha kuamua dawa ya mtu mmoja, kwa hivyo mtu akiwaambia mlipie hiyo skani ndio kakako atibiwe, msilipe.

Sasa kusahau. Kwa watu wengi upande wa kushoto ndio unabeba maneno na majina, na kwake shida iko kushoto, basi mwambie wifi yako kwa upole kabisa kwamba hajifanyi, huo ni ugonjwa wenyewe. Bei aandike kwa karatasi abandike kwa nguo. Dawa pia zingine zinafanya mtu awe mzito wa kufikiri, na kukosa usingizi na huzuni vinaongeza, kwa hivyo malalamiko yake si ya uongo, ayapeleke kliniki wapunguze dozi au wabadilishe. Asiache mwenyewe ghafla! Hiyo inaweza kuleta mshtuko usiokatika, na ukipita dakika 5 hiyo ni ya kukimbizwa hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Yataisha? Mengine yalikuwepo kabla kifafa kuanza, mengine yanachangiwa na mishtuko yenyewe ikirudi tena na tena, na hayo ya pili ndio mnapigania. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa inayowafaa, na dawa zikishindwa kabisa, kifafa cha sehemu hiyo ndicho madaktari wa upasuaji wa ubongo wanakifahamu zaidi, muulizeni daktari.

SWALI: Mwalimu anasema binti yangu wa gredi ya 3 anazubaa sekunde kumi hivi katikati ya sentensi, halafu anaendelea kusoma. Ni kifafa pia?
Mama, Kawangware

JIBU: Inawezekana mama, na asichapwe. Kuna kifafa cha kuzubaa ambapo thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, na gamba la juu vinanaswa kwa mdundo mmoja, EEG inaonyesha mawimbi takriban 3 kila sekunde pande zote mbili. Kliniki wanaweza kumwambia apumue kwa nguvu kama dakika 3, apulize karatasi hivi, na mara nyingi anazubaa hapo hapo mbele yao. Usimpe dawa ya mtoto wa jirani, kabamazepini kwa mfano inasaidia kifafa kingine lakini hiki inaweza kukizidisha. Mrekodi kwa simu akizubaa, uende na hiyo video.